Tuzo ni ya Mkono Ulioshona

Kila mwaka, hasa kati ya Agosti na Oktoba, majimbo mengi ya Marekani hufanya maonyesho makubwa ya kilimo na kazi za nyumbani. Huko huletwa ng'ombe wa maziwa, nguruwe wenye uzito wa kushangaza, mahindi, asali, jamu na mikate. Maonyesho ya Jimbo la Minnesota peke yake yalihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 2 katika mwaka 2019. Katikati ya kishindo hicho cha watu na mifugo, ndani ya jumba la kazi za mikono, huwekwa pia vitu ambavyo mpita njia aweza kuvipuuza. Navyo ni miraba ya kitambaa, kila mmoja wenye upana wa inchi 12 hivi, ulioungwa kwa vipande vidogo vidogo vya pamba vyenye rangi mbalimbali.

Mraba huo haufuniki kitanda wala haumkingi mtu na baridi. Ni sehemu moja tu ya mfarishi, yaani lile shuka zito la viraka linaloshonwa kwa tabaka tatu: juu viraka, katikati pamba, na chini kitambaa kizima. Hata hivyo, mamia ya watu, wengi wao wakiwa wanawake, hukaa majuma kadhaa wakikata, wakipima na kushona mraba mmoja ili wakauingize katika mashindano ambayo tuzo yake aghalabu ni utepe wa rangi na dola chache. Utepe wa buluu ni wa mshindi wa kwanza, mwekundu wa pili na mweupe wa tatu.

Mtu mwenye haraka atacheka. Atauliza: Je, taifa lililopeleka watu mwezini lina haja gani na viraka? Na Mtanzania naye atauliza: Je, viraka vya Marekani vinamhusu nini mwalimu wa Masasi au karani wa wilaya ya Kondoa? Vinamhusu, kwa sababu ndani ya mashindano hayo madogo limefichwa swali ambalo kila mtumishi wa umma hukutana nalo mezani kwake: Kazi ikiisha kufanyika na sifa zikaanza kugawanywa, ni nani anayestahili kuzipokea? Na ni nani aliyepewa dhamana ya kuhakikisha kwamba zinamfikia?

MAONYESHO YALIANZAJE

Maonyesho ya namna hii hayakuanza kama mchezo. Mwaka 1807, katika mji wa Pittsfield, Massachusetts, Elkanah Watson aliwaonyesha majirani zake kondoo wawili wa aina ya merino, ambao sufu yao ilikuwa bora kuliko ile waliyoizoea. Watu walivutiwa. Watson akaona kwamba ikiwa kondoo wawili waweza kukusanya watu na kuwafundisha, basi mifugo na mazao ya wilaya nzima yangefundisha zaidi. Kufikia mwaka 1811 chama cha wakulima cha Berkshire kilikuwa kimeundwa, na miaka michache baadaye tuzo zikaanza kutolewa kwa vitambaa vilivyofumwa na wanawake majumbani. Mwaka 1841 jimbo la New York likafanya maonyesho ya kwanza ya ngazi ya jimbo, katika mji wa Syracuse. Iowa ikafuata mwaka 1854.

Ni vyema kulitazama kusudi lake. Maonyesho yalikuwa shule. Mkulima alikwenda kuona mbegu ya mwenziwe, akauliza aliipanda lini na kwa mbolea gani. Mwanamke alikwenda kuona mshono wa mwenziwe, akaurudia nyumbani. Baadaye Serikali ya Marekani ililipa wazo hilo nguvu ya sheria. Sheria ya mwaka 1862 ilitenga ardhi kwa ajili ya kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi, na sheria ya mwaka 1914 ikaanzisha huduma ya ugani iliyowapeleka mabwana shamba na mabibi maendeleo vijijini. Maofisa hao ndio waliokuja kuwa, katika wilaya nyingi, waandalizi na waamuzi wa mashindano ya kazi za nyumbani.

Lakini shule hiyo haikuwa wazi kwa wote. Nchi iliyojigamba kwa uhuru iliwatenga raia wake weusi hata katika viwanja vya maonyesho. Mjini Dallas, katika Maonyesho ya Jimbo la Texas, watu weusi walitengewa siku yao maalum, na mwaka 1955 vijana wa chama cha NAACP, wakiongozwa na Juanita Craft, waliandamana kupinga fedheha hiyo. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kutoka kwa maonyesho ya Marekani hana budi kuyatazama kwa macho mawili: jicho la kuona mema yake, na jicho la kuona yaliyofichwa chini ya pindo.

KIPIMO KISICHOSEMA UWONGO

Mema yake ni haya. Masharti ya mashindano ya miraba kwa kawaida ni machache na yanaeleweka. Mraba uwe umeshonwa na yule anayeuingiza. Uwe na kipimo kilichotangazwa. Uwe safi, na usiwe umekwisha kuonyeshwa hapo mwaka uliotangulia. Ikiwa umeandikishwa katika kundi la kazi ya mkono, usiwe umepitishwa kwenye cherehani. Jina la mshonaji hufichwa hadi waamuzi wamalize kazi yao.

Kisha huja kipimo chenyewe. Chukua mfano wa mtindo ulio rahisi kuliko yote, ule wa viraka tisa: safu tatu, kila safu viraka vitatu. Kila kiraka kikikamilika kina inchi 4, na jumla ni inchi 12. Lakini kila kiraka hukatwa kikiwa na inchi 4 na nusu, kwa kuwa mshono hula robo inchi, yaani kama milimita 6, kila upande. Sasa mshonaji akizidisha milimita 1 tu, kila mshono utameza milimita 2, kwa kuwa unaunganisha vipande viwili. Katika safu moja ipo mishono miwili. Mraba mzima, basi, utapungua milimita 4. Jicho la mvivu halitaliona kosa hilo. Lakini mraba huo ukiunganishwa na mwenzake uliopimwa sawasawa, pembe hazitakutana, na mfarishi wote utavutwa upande.

Huko hakuna cheo kiwezacho kusaidia. Mke wa gavana na mke wa mchunga ng'ombe hupimwa kwa rula moja. Mwamuzi hutazama kama ncha za nyota ni kali au zimekatwa na mshono, kama nyuzi zinaning'inia, kama rangi zinasaidiana au zinagombana, kama mishono imelingana, na kama pasi ilipitishwa bila kuivuta nguo. Katika maonyesho mengi mwamuzi hufanya kazi hiyo mbele ya watu, akitaja kwa sauti kilicho chema na kilicho na dosari, na washonaji wameketi kimya wakisikiliza. Kwingine huandika maoni yake katika kadi, na kadi hiyo hurudishwa pamoja na kazi. Aliyeshindwa haondoki mikono mitupu, bali huondoka akijua ni wapi alipokosea.

Tena zipo namna mbili za kuhukumu. Ya kwanza huilinganisha kazi na kazi nyingine, na bora kuliko zote ndiyo ipewayo utepe. Ya pili huilinganisha kila kazi na kipimo kilichowekwa, hata kumi zikifikia kipimo, zote kumi hupewa utepe wa buluu. Na kama hakuna iliyofikia, hakuna ipewayo. Namna hii ya pili hutumika sana kwa vijana, kwa sababu humfundisha mtoto kushindana na kazi mbovu, wala si kumwombea mwenziwe aharibu. Mwalimu atakayeitafakari tofauti hiyo ataona kwamba ni tofauti ileile iliyopo kati ya mtihani unaotafuta nani awe wa kwanza na mtihani unaotafuta kujua nani ameelewa.

FEDHA ILIPOINGIA

Yaliyofichwa chini ya pindo yalidhihirika mwaka 1933. Mwaka huo, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, kampuni ya Sears, Roebuck iliandaa mashindano ya taifa ya mifarishi. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mabenki yalikuwa yamefungwa, na wafanyakazi kwa mamilioni hawakuwa na kazi. Tuzo ya kwanza ilikuwa dola 1,000, kiasi ambacho kwa familia nyingi za wakati huo kilizidi mapato ya mwaka. Takribani mifarishi 25,000 iliingizwa.

Mshindi alikuwa mwanamke mmoja kutoka mji wa Lexington, Kentucky. Mfarishi wake wa nyota, wenye mishono midogo isiyo na dosari, ulitolewa zawadi kwa Eleanor Roosevelt, mke wa Rais. Miongo mingi ilipita kabla ya umma kuujua ukweli kwa upana. Mshindi hakuushona mfarishi ule. Alikuwa na duka la nguo na mapambo, akawalipa wanawake wengine waushone kwa ujira mdogo. Waliukata, wakauunga, wakaupiga mishono hiyo iliyowashangaza waamuzi. Tuzo ilipokuja, hawakugawiwa hata senti moja. Nao walinyamaza, kwa sababu katika mwaka ule wa njaa mtu aliyekuwa na kazi yoyote, hata ya ujira mdogo, aliogopa kuipoteza.

Tukio hilo ni la viraka, lakini kiini chake ni kilekile cha kiwandani na shambani. Mwenye mtaji na jina alitanguliza mkono kupokea. Wenye sindano walibaki nyuma ya pazia. Waamuzi hawakuhongwa wala hawakupendelea. Walipima mshono kwa uaminifu, wakaona ni bora, na kweli ulikuwa bora. Kosa ni kwamba hakuna aliyekwenda kuuliza ni mkono wa nani. Hapa lipo fundisho kubwa kwa watumishi wa umma: haki ya kipimo haitoshi, kama hakuna anayehakikisha nani aliyesimama nyuma ya kazi inayopimwa. Kanuni isiyo na mlinzi ni maandishi tu.

Tena haifai kusahau kwamba uovu huu ulikuja pamoja na ukubwa wa tuzo. Utepe wa buluu na dola chache havimshawishi tajiri kukodi mikono ya maskini. Dola 1,000 zilimshawishi. Wale wanaodhani kwamba njia ya kuinua kazi za mikono ni kuongeza zawadi tu, pasipo kuongeza ulinzi wa haki, wangefaa kuutazama mwaka 1933 kwa makini.

DOLA TANO

Ipo habari nyingine iliyotangulia hiyo. Harriet Powers alizaliwa utumwani mwaka 1837 karibu na mji wa Athens, katika jimbo la Georgia. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake katika maonyesho ya pamba mjini humo. Ulikuwa na picha 11 zilizokatwa kwa kitambaa na kushonwa juu ya kitambaa, kila picha ikisimulia kisa cha Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo. Wataalamu wengi baadaye walilinganisha mtindo wake na vitambaa vya Dahomey, Afrika ya Magharibi, ambako picha hukatwa na kubandikwa kwa namna inayofanana na hiyo.

Mwalimu mmoja mzungu wa sanaa, Jennie Smith, aliuona, akataka kuununua. Powers alikataa. Miaka kama mitano baadaye shida ya fedha ilimrudisha. Aliomba dola 10, alipewa 5. Kabla ya kuuacha alieleza maana ya kila picha, na Smith akayaandika maelezo hayo. Inajulikana pia kwamba Powers alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake, kama mzazi amtazamaye mtoto aliyemtoa kwa watu. Alifariki mwaka 1910. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian mjini Washington, na mwingine alioushona, wenye picha 15, umo katika makumbusho ya sanaa mjini Boston.

Mambo hayakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taasisi hiyohiyo ya Smithsonian iliipa kampuni ya biashara kibali cha kutengeneza nakala za mifarishi yake ya kale, ukiwemo ule wa Harriet Powers. Nakala hizo zilishonwa China kwa ujira wa chini na kuuzwa Marekani kwa bei ambayo mshonaji wa huko hakuweza kushindana nayo. Mwaka 1992 washonaji walikusanya saini kwa maelfu, wakapeleka malalamiko yao Washington. Hivyo kazi ya mwanamke aliyezaliwa mtumwa, aliyepata dola 5, ikawa bidhaa ya faida kwa watu wasiowahi kushika sindano, na ikaletwa sokoni kupitia jasho la wanawake wengine maskini wa upande wa pili wa dunia. Ni nadra kuuona mnyororo wa unyonyaji ukiwa umenyooka wazi namna hiyo.

Jambo moja katika habari hiyo lingefaa kuwatuliza wale wanaofanya kazi ya mkono kuwa ibada. Harriet Powers alitumia sindano, na alitumia cherehani pia. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba mfarishi si wake. Chombo si adui. Kundi la kazi ya mkono lina maana yake katika mashindano, kwa kuwa linalinda ustadi usipotee. Lakini haki ya msingi haitokani na chombo kilichotumika. Inatokana na akili iliyobuni na mikono iliyotenda.

USHIRIKA WA ALABAMA

Je, dawa ipo? Ipo, na baadhi yake ilipatikana mahali pa shida kubwa. Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, wanawake weusi wengi wao wakiwa wajukuu wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, ili watoto wao wapate cha kujifunika. Miaka ya 1960 ilipofika, na watu weusi wakaanza kujiandikisha kupiga kura, wenye mashamba waliwafukuza wengi katika nyumba na ardhi. Mwaka 1966 wanawake hao waliunda ushirika uliojulikana kwa jina la Freedom Quilting Bee. Waliuza mifarishi yao pamoja, wakajenga karakana yao, wakanunua ardhi, na sehemu ya ardhi hiyo wakawauzia viwanja familia zilizofukuzwa. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata mkataba wa kushona foronya za mito kwa ajili ya Sears, kampuni ileile iliyoandaa mashindano ya mwaka 1933. Safari hii wenye sindano waliketi mezani kama watu wenye mkataba.

Ushirika huo haukuwa pepo. Mapato yalikuwa ya wastani, kazi ilikuwa ngumu, na mwaka 2012 ulifungwa rasmi. Nayo mifarishi ya jirani zao wa Gee's Bend ilipoanza kutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa, Houston na New York, mwaka 2002, na kuchapwa katika stempu za posta mwaka 2006, swali la zamani lilirudi: nani anafaidika? Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai haki zao, na mashauri hayo yalimalizwa kwa mapatano mwaka 2008. Sifa iliwafikia kabla ya fedha, kama ilivyo kawaida kwa watu wanyonge. Lakini tofauti yao na wale wa Kentucky ni kubwa. Wa Kentucky walinyamaza kwa kuwa kila mmoja alikuwa peke yake. Wa Alabama walisema kwa kuwa walikwisha kujifunza kusimama pamoja.

HOJA ZA WANAOPINGA

Yapo mambo mawili yanayosemwa dhidi ya mashindano ya namna hii, nayo yanastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba mashindano huzaa ubinafsi, na kwamba jamii inayotaka usawa haina haja ya tepe za buluu. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo ushindi humtenga mshindi na wenzake. Lakini mashindano ya miraba yana desturi inayopunguza ubaya huo. Mahali pengi, waamuzi wakiisha kumaliza kazi, miraba huunganishwa kuwa mfarishi mmoja. Safu 7 za miraba 6 hutoa mfarishi wa miraba 42, unaotosha kitanda. Watu 42 wasiojuana, mmoja akitumia mtindo wa kibanda cha magogo, mwingine wayo wa dubu, mwingine njia ya mlevi, huonekana katika kazi moja. Na hapo mshindi hujikuta anamhitaji aliyekuwa wa mwisho, kwa maana pembe ya mraba wake haiwezi kukutana vyema na mraba uliokosewa. Mtu aliyewahi kuona mkeka ukiungwa kwa kili zilizosukwa na akina mama mbalimbali hahitaji maelezo zaidi.

La pili ni kwamba mfarishi huo huuzwa kwa mnada au hutolewa kwa bahati nasibu, na washonaji hawapati kitu. Hilo ni kweli katika maonyesho kadhaa, ingawa mara nyingi fedha hizo huenda kwenye shughuli za hisani. Jibu ni kwamba kutoa kwa hiari si kunyonywa, ilimradi sharti limeandikwa kabla, na mtoaji amelisoma. Kuchukua kazi ya mtu kwa kumwambia baadaye kwamba ndivyo taratibu zilivyo, huo ni wizi, hata kama fedha zitajengea zahanati.

YANAYOWAHUSU WALIMU NA WATUMISHI

Tanzania inayo maonyesho yake. Kila tarehe 8 Agosti ni Sikukuu ya Wakulima, na viwanja vya Nane Nane vya Nzuguni mjini Dodoma, Themi mjini Arusha, John Mwakangale mjini Mbeya na vinginevyo hujaa watu. Sabasaba nayo, iliyo kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, huwakusanya wafanyabiashara wa ndani na wa nje mjini Dar es Salaam. Kazi za mikono hazikosekani huko: mikeka ya ukili, vikapu, vinyago, batiki, na kofia zinazotiwa nakshi kwa sindano kwa majuma mengi. Mtindo wa viraka wenyewe si wa lazima. Kinachofaa kuigwa ni kanuni, si kitambaa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka kwamba kila mtu anastahili malipo ya haki kwa kazi yake. Katika mwaka huohuo Elimu ya Kujitegemea iliwataka walimu waiheshimu kazi ya mikono kama sehemu ya elimu, wala si adhabu ya mtoto mtundu. Maneno hayo hayakuzeeka. Lakini yanajaribiwa katika mambo madogo. Mtoto akipewa kazi ya kufuma kikapu, mzazi akanunua kikapu sokoni, na mwalimu akakipa alama za juu akijua, shule nzima imefundishwa somo la Kentucky. Ofisi ikipanga mezani vikapu vya kikundi cha akina mama wa kijijini chini ya bango lenye jina la ofisi, kisha cheti kikatundikwa ukutani mwa mkuu, somo hilo limefundishwa kwa watu wazima. Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Yatosha asiwepo mtu wa kuuliza: huu ni mkono wa nani?

Kwa hiyo mambo matano yangefaa kuwa kanuni popote kazi za mikono zinapoonyeshwa na kushindanishwa, iwe katika uwanja wa taifa au katika ukumbi wa shule ya msingi. Kwanza, kila kazi ibebe jina la aliyeitenda. Ikiwa ni ya kikundi, majina ya wote yaandikwe, na kijiji chao. Pili, vipimo vya kuhukumia vibandikwe mapema mahali pa wazi, ili mshindani ajue atapimwa kwa nini. Tatu, mwamuzi atoe sababu zake kwa maandishi, na sababu hizo zimfikie aliyeshindwa kabla hazijamfikia mwandishi wa habari. Nne, kazi ibaki mali ya aliyeitenda, isipokuwa ameridhia vinginevyo kwa maandishi yanayoeleweka. Tano, penye tuzo ya fedha nyingi, uthibitisho nao uwe mwingi: mshindani aweze kuombwa aonyeshe mbele ya waamuzi jinsi anavyosuka, anavyofuma au anavyoshona.

Kanuni hizo hazihitaji bajeti mpya wala kamati ya kusafiri. Zinahitaji kalamu, karatasi, gundi na mtumishi mwenye uaminifu. Wanaozishika kalamu hizo ni walimu na maofisa, na ndiyo maana habari ya mraba wa inchi 12 ni habari yao. Wao ndio huandika majina katika kadi, ndio huamua ni bango la nani litundikwe, ndio hutia saini vyeti.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa na maana kwamba chombo kizuri hakikujiunda, na kwamba yupo fundi aliyeinama juani akichonga mbao zake. Wajibu wa mwenye kutoa tuzo ni kwenda mbele hatua moja zaidi ya wahenga: kumtafuta fundi huyo, kuliandika jina lake sawasawa, na kumkabidhi kilicho chake.